Wateja Watatu wa Konekta Moja

Kazi yangu ni kusimama mlangoni mwa duka kubwa na kukagua mifuko ya watu wanaotoka. Natazama risiti, natazama mfuko, kisha namtazama mtu machoni. Nimewahi kumkuta mama wa heshima zake ameficha sabuni ndani ya mwavuli. Nimewahi kumkuta baba mmoja aliyekuwa akiniita "mwanangu" kila jioni, na kila jioni alikuwa akitoka na betri za tochi kwenye soksi. Tangu hapo mtu akinisalimia kwa upole uliopitiliza, mimi nashika mfuko kwanza, salamu naitikia baadaye. Nyumbani wananitania kwamba hata nikimiminiwa chai naomba risiti. Wacheke tu, wao hawajaona niliyoyaona.

Basi siku dada yangu mkubwa aliponipigia simu kuniambia kwamba kichwa cha waya wa mashine yake kimekanyagwa na kupasuka, sikumpa pole. Niliuliza, "Nani alikuwa chumbani?"

"Mimi na wewe hatujasalimiana," akasema.

"Shikamoo, Dada. Nani alikuwa chumbani?"

"Marahaba. Ni yule mama anayefanya usafi. Alisogeza meza, waya ukaanguka, mguu wa meza ukakalia kichwa chake. Hakuna aliyekula njama, mdogo wangu. Amelia kuliko mimi."

Kulia si ushahidi, nilitaka kumwambia, lakini nikameza.

Dada haoni tangu utotoni. Anafanya kazi kwenye shule ya bweni ya watoto wasioona, na kazi yake ni kutengeneza vitabu vya nukta nundu. Ana kompyuta inayomsomea kwa sauti, na pembeni yake kuna mashine ya kuchapa hizo nukta, pana kama friji iliyolazwa, inayopiga kelele hadi madirisha yanatetemeka. Mashine hiyo ni ya zamani. Waliotoa msaada wa kuinunua walishasahau kwamba waliutoa, na kampuni iliyoiunda ilishafunga milango. Lakini ilikuwa inachapa. Mtoto akiingia darasani asubuhi anakuta kitabu chake mezani, anakipapasa mwenyewe, anacheka mwenyewe pale panapochekesha.

Mwalimu mkuu alishasema wazi. Shule ikifunguliwa na mashine haifanyi kazi, chumba kile kitawekwa magodoro, na Dada atahamishiwa mapokezi akapokee simu. Watoto watasomewa kwa sauti, basi. Zilibaki siku chache tu shule ifunguliwe.

"Mtoto anayesomewa tu hajui hata jina lake linaandikwaje," Dada aliniambia nilipofika. Alikuwa amekaa karibu na mashine, mkono wake juu ya mfuniko. "Na mimi wakinipeleka mapokezi nitakuwa pambo. Wageni watasema, tazama, hata kipofu wamempa kiti. Sikusomea kuwa pambo."

Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha. Dada akiwa anaumia kweli huwa anaongea kama anayesoma taarifa ya habari. Nikamwambia kichwa hicho nitakipata hata kama kimefichwa chini ya ardhi.

Kwanza nilikwenda kwa fundi wa kompyuta. Alikigeuza kile kichwa kilichopasuka, akakinusa, akakirudisha mezani. Akanieleza kwamba hiyo si konekta ya kawaida. Ndani yake kuna kibao kidogo chenye chipu, na vyote vimemwagiwa plastiki ngumu vikagandishwa humo. Kibao hicho ndicho kinachofanya kompyuta na mashine zielewane, kama mkalimani.

"Haiwezekani kuunga tu nyaya?" nikauliza.

"Utaunga, na hazitasemezana. Tafuta kichwa kama hiki, kizima. Nenda mtaa wa vipuri. Pale kama hakipo, basi hakipo."

"Na wewe huna?"

"Sina, dada."

Alisema hivyo huku akitazama dirishani. Nikaliweka hilo moyoni.

Mtaa wa vipuri ni uchochoro mwembamba wenye vibanda pande zote mbili. Nyaya zimening'inizwa juu ya milango kama nguo za kufuliwa. Kuna rimoti zisizo na betri, kibodi zilizofutika herufi, matumbo ya televisheni yaliyotolewa na kupangwa juu ya magunia, na harufu ya lehemu inayokukaa kooni. Kila mwenye kibanda anakuita kabla hujafika. Kila mmoja anacho unachotaka, hata kabla hujasema unataka nini.

Mimi nilikuwa na mpango. Ukionyesha shida yako umekwisha, watu watakukamua. Kwa hiyo kile kichwa kilichopasuka nilikifunga kwenye leso nikakisukuma chini kabisa ya mkoba, nikabaki na picha yake kwenye simu. Na neno shule sikulitamka, wala neno kipofu.

Kibanda cha kwanza kilikuwa cha kijana mmoja mwembamba ambaye majirani zake walimwita Ngoja Kidogo, na sikuchukua muda kujua kwa nini.

"Hii ni ya bosi wangu ofisini," nikamwambia, nikijifanya sijali. "Hana haraka. Ikipatikana sawa, isipopatikana sawa."

Akaitazama picha. "Ipo. Iko stoo. Ngoja kidogo, mama."

Akatoka mbio. Nikakaa kwenye kiti chake nikitazama vitu vyake. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba nilianza kujiuliza hiyo stoo iko nchi gani. Aliporudi alikuwa anatokwa jasho, mikono mitupu.

"Stoo wamefunga. Njoo kesho."

Hapo machale yakanicheza. Mtu hawezi kufungiwa stoo yake mwenyewe mchana kweupe. Huyu amekiona, amejua ni adimu, sasa anapanga jinsi ya kunichinja. Nikamwambia sawa, kesho, nikatoka. Nilipopinda kona nikavua mtandio, nikauweka mkobani, nikaingia kwa mwanamke mmoja mnene anayeuza chaja, Mama Chaji. Huyo nilimwambia mume wangu ana duka la uchapaji. Sina mume, wala sijutii, lakini siku hiyo nilimpata mmoja mzuri tu, mwenye mashine tatu. Mama Chaji naye akasema ipo stoo, akatoka, akarudi akihema: kesho.

Wa tatu alikuwa kijana mwenye kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi, ambaye nilimwita Kofia kwa sababu sikuuliza jina. Huyo nilimwambia natoka hospitali. Alipoomba namba ya simu nikampa ya mwenzangu wa zamu, ili namba yangu isizagae. Nilirudi nyumbani nikijipongeza. Watu watatu wananitafutia, hakuna anayejua kwamba kuna mwenzake, hakuna anayejua shida yangu. Nilijiona mjanja.

Kesho yake, baada ya kazi, Ngoja Kidogo alinipokea kwa sura nyingine kabisa. Hakunivutia kiti.

"Mama, hiyo kitu ina watu," akasema kwa sauti ya chini.

"Watu gani?"

"Kuna bwana mmoja anaitafuta kufa na kupona. Mtu mzito, ana mashine zake. Na nimesikia kuna wakubwa wengine, wa serikalini huko, sijui madaktari. Bosi wako aamke."

Nilikwenda kwa Mama Chaji, naye akaniambia kuna kampuni kubwa imeingia, wanataka vichwa vyote vilivyopo. Kofia akaniambia mambo ni hayo hayo, akaongeza kwamba mmoja wa hao watu anazunguka na gari jeusi. Sasa mimi sijali gari jeusi wala jeupe. Nilijali neno moja tu: bwana, mtu mzito. Maana nilikuwa namfahamu bwana mmoja aliyekuwa na sababu ya kutaka kichwa kile kisimfikie dada yangu.

Nikaenda moja kwa moja shuleni.

"Mwalimu mkuu anajua kwamba nakitafuta?" nikamuuliza Dada.

"Anajua. Nilimwambia."

"Ulimwambia!"

"Ni bosi wangu. Ningemficha nini?"

"Na juzi si nilimkuta humu na futi, anapima ukuta?"

"Alikuwa anapima ili ajue magodoro mangapi yatakaa. Alinisalimia, akapima, akaaga. Hakujificha."

"Ndio hao hao wanaosalimia!"

Dada akacheka, kicheko chake kile cha chini kinachoniudhi. "Yaani mwalimu mkuu aache shule yake akazunguke vibandani kununua konekta ili mimi nikose? We mtu una kazi. Ungekuwa na uwezo ungekagua mifuko hata ya marehemu." Kisha akaacha kucheka, akanitafuta mkono akaushika. "Waambie tu ni ya shule. Waambie ni yangu mimi. Watu wana huruma zao."

"Huruma haina risiti, Dada."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua mjini."

Alisema hivyo akauachia mkono wangu, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa anaandaa kitabu cha darasa la kwanza. Alikuwa anakiandaa ukurasa kwa ukurasa ndani ya kompyuta, tayari kwa siku ambayo mashine ingeamka. Nilimtazama nikakasirika, si kwake, kwa huyo bwana. Nilijiapiza hatanishinda.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikaenda vibandani mapema. Kwa kila mmoja nilisema maneno yale yale: "Huyo mwingine akitaja bei, mimi nitampita. Yeyote awaye. Usimuuzie mtu mwingine, na usimwambie mtu." Mama Chaji aliinua macho kutoka kwenye chaja zake akaniangalia kama ambavyo mimi huwaangalia watu mlangoni. Kofia yeye aliuliza kabisa.

"Samahani, mama. Hivi ndani ya kile kidude kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Nilisema haraka mno. Mimi mwenyewe nalijua hilo jibu, nalisikia kila siku kutoka kwa watu wenye kitu. Nikaona macho yake yanabadilika chini ya kofia. Kwa kinyozi wa jirani mtu mmoja alikuwa akieleza kwa sauti kubwa kwamba zile konekta za zamani zilitiwa dhahabu, si ya kupaka, ya kujaza, na kwamba ndiyo maana wazungu waliacha kuzitengeneza. Mwenzake alisema si dhahabu, ni madini fulani ya ndege. Nikapita kama sikusikia, lakini nikaongeza hatua.

Nilirudi kwa Ngoja Kidogo. Nilimsukuma: leo, sasa hivi, nikiwa hapa. Akasema ngoja kidogo, akatoka. Safari hii sikukaa kwenye kiti chake. Nilimfuata.

Nilitaka kuiona hiyo stoo kwa macho yangu. Na pengine nimkute huyo bwana mwenyewe amesimama mlangoni kwake akihesabu alivyonunua. Ngoja Kidogo alipinda kona moja, akapinda nyingine, kisha akaingia kwa Mama Chaji. Sikuamini. Nikajibana nyuma ya maboksi ya spika yaliyopangwa nje ya kibanda. Kofia alikuwa humo tayari, amekaa juu ya ndoo.

"Wangu ameongeza tena," Ngoja Kidogo alisema. "Yule anayetumwa na bosi wa ofisi."

"Wangu pia," akasema Mama Chaji. "Yule ambaye mumewe ana uchapaji. Anasema atampita yeyote."

"Wa kwangu ndiye kiboko," akasema Kofia. "Yule wa hospitali. Namba aliyonipa anapokea mtu mwingine, anasema hajui lolote. Mtu anayejificha namna hiyo anajua anachokitafuta."

"Na wote ni wanawake," Mama Chaji akasema, "na wote wametumwa. Waliowatuma hawaonekani."

"Kidude hakijaulizwa miaka na miaka," Ngoja Kidogo akasema. "Leo wanakigombania watu watatu kwa mpigo. Hapana, jamani. Kuna kitu."

Nilisimama nyuma ya yale maboksi nikawahesabu wateja wao kwa vidole. Ofisi ni mimi. Uchapaji ni mimi. Hospitali ni mimi. Yule bwana mzito mwenye mashine zake ni mume wangu niliyemtunga mwenyewe njiani. Gari jeusi sijui walilitoa wapi, lakini abiria wake nilikuwa mimi. Wale watu hawakuwa na stoo. Stoo yao ni kukimbilia kwa mwenzao kuuliza, na mwenzao hukimbilia kwa mwingine, na swali langu lilizunguka mtaa mzima na kunirudia likiwa limevaa koti la mtu mwingine. Siku mbili nzima nilikuwa nashindana na nafsi yangu, tena nikipandisha bei.

Nilitoka nyuma ya maboksi nikaingia.

"Mama wa ofisi!" akasema Ngoja Kidogo.

"Ofisi gani? Huyu ni mteja wangu," akasema Mama Chaji. "Mume wake ndiye mwenye uchapaji."

Kofia aliinuka kwenye ndoo. "Mbona huyu ndiye wa hospitali?"

Wakatazamana. Nikatoa leso mkobani, nikaifungua juu ya meza ya chaja, nikawaonyesha kile kichwa kilichopasuka. Nikawaambia yote. Dada yangu, mashine, vitabu, watoto, magodoro. Ilikuwa mara ya kwanza nayasema maneno hayo mtaani, na nilishangaa yalivyokuwa mepesi. Ngoja Kidogo alianza kucheka. Mama Chaji akacheka hadi akajipiga mapaja, kisha akanyamaza ghafla, kicheko kikamkauka usoni.

"Sasa mama, si ungesema?" akasema. "Mzee anacho. Tangu siku ya kwanza anacho."

"Mzee gani?"

"Fundi wa zamani, alikuwa akitengeneza mashine za maofisini. Nyumba yake iko nyuma ya mtaa huu. Vitu vyote vya kale tunavitoa kwake. Hata bei hajui kutaja, unampa chochote."

"Mbona hamkukichukua?"

Wakaangalia chini wote watatu. Kofia ndiye aliyejibu. "Tulikwenda wote. Kila mtu kivyake. Kila mmoja alimnong'oneza asiwauzie wenzake. Siku ya pili akaanza kutuangalia vibaya. Leo asubuhi alisema hauzi mpaka aelewe."

Sikungoja kusindikizwa. Mama Chaji alinielekeza, nikaenda nusu natembea nusu nakimbia, na njia nzima nilikuwa nasema moyoni, hauzi mpaka aelewe, vizuri, nitamwelewesha. Nilikuwa na furaha hata. Niliona nimeshakishika.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee mmoja aliyevaa koti juu ya shati la kulalia alikuwa amekaa kwenye meza karibu na dirisha. Mbele yake kulikuwa na nyundo ndogo, koleo, na kisahani cha chai. Kwenye kisahani kulikuwa na vipande. Plastiki nyeusi iliyovunjika vunjika, kibao cha kijani kilichokatika katikati, na pini zilizochomolewa moja moja na kukwanguliwa kwa wembe. Hakuniona nikiingia. Alikuwa ameinamia pini moja, anaigeuza kwenye mwanga.

Nilisema hodi nikiwa tayari ndani. Salamu haikunitoka.

"Na wewe umetumwa?" aliniuliza.

Nilitazama kisahani.

"Basi waambie waliokutuma kwamba hakuna kitu," akasema, na alikuwa na hasira kama mtu aliyeibiwa. "Nimekipasua. Nimetafuta. Vijana ambao hawajawahi kunijulia hali wamekuja hapa mara tatu tatu, wananinong'oneza, wananipandishia bei. Nikasema mimi si mtoto. Kuna kitu humu, na wanataka kukichukua kwa mzee mjinga. Haya, kiko wapi? Kilikuwa na nini? Niambie wewe."

Kilikuwa na dada yangu, ndivyo nilivyotaka kusema. Niliona aibu, aibu ya kumfanya mzee awashuku majirani zake, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba nyuma ya vijana wale hakukuwa na mtu mwingine ila mimi. Nikauliza tu kama naweza kuchukua vile vipande. Alivisukuma, kisahani na vyote, kuelekea kwangu. Nikavifunga kwenye leso nikaondoka.

Dada alivipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza ni nini, vidole vyake vilishajua. Alipapasa mstari wa pini, akapapasa kibanio kimoja cha pembeni kilichosalia, akagusa kibao pale kilipokatikia.

"Ndicho chenyewe," akasema. "Kilikuwa kizima?"

"Asubuhi kilikuwa kizima."

Nikamsimulia. Sikupunguza kitu. Nilimwambia mpaka habari ya kuvua mtandio kwenye kona. Nilitegemea atanitukana, ningefurahi angenitukana. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka vipande juu ya meza na kuvikusanya pamoja kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayekusanya makombo.

"Huyo mzee," akasema kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari, "ulimwambia ni ya nani?"

"Hapana."

"Hata baada ya kuona amekivunja?"

"Nilishindwa, Dada."

Akavisukuma vipande pembeni. "Kesho nipeleke kwake."

"Kufanya nini? Kimeshavunjika."

"Amevunja kitu chake kwa sababu yetu, na mpaka sasa hajui kwa nini. Nipeleke."

Tulikwenda asubuhi. Dada alinishika bega, na katika mkono mwingine alibeba karatasi moja ngumu aliyoikunja kwa uangalifu. Mzee alituona tukija akasimama mlangoni, kiganja juu ya macho, tayari kugomba. Kisha akaona jinsi Dada anavyoweka miguu.

"Shikamoo, baba," Dada akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kuna kizingiti hapo, kidogo. Haya. Karibu." Alimshika mkono akamwongoza mpaka kwenye kiti kizuri. Mimi nilibaki nimesimama.

"Mimi ndiye mwenye mashine," Dada alimwambia. "Ile konekta ilikuwa inatafutwa kwa ajili yangu. Nimekuja kukuomba radhi. Umesumbuliwa, na umeharibu kitu chako bure."

"Mashine ya nini?"

Dada akakunjua ile karatasi juu ya meza, akauchukua mkono wa mzee, akaupitisha juu ya zile nukta. "Inachapa hivi. Hapa pameandikwa: kuku wetu ametaga yai. Ni kitabu cha wanaoanza. Hii ni karatasi ya mwisho iliyotoka kabla waya haujavunjika."

Mzee alirudisha kidole mwanzo wa mstari mwenyewe, akakipitisha tena, polepole. Midomo yake ilikuwa inatikisika.

"Kilikaa humu sandukuni tangu ofisi yetu ilipofungwa," akasema. "Miaka yote hiyo. Nilikuwa sijui hata kama kina kazi duniani. Mwanangu, ningejua, ningekuletea kwa miguu yangu. Bure. Ningekuletea bure."

"Najua, baba."

"Mbona hamkusema?"

Dada akaichukua karatasi yake akaiweka mapajani. Hakunigeuzia uso wala hakunitaja, na ningependa kama angenitaja. Mzee aliinuka akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya kitanda, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kumpa Dada mkononi: kichwa cha duara, kichwa kipana, kichwa cha meno mengi, waya uliokatwa. Dada alipapasa kila kimoja, akakirudisha. Si hiki. Hapana, baba, si hiki. Hiki kinakaribia, lakini si chenyewe. Waliendelea hivyo mpaka sanduku likabaki na misumari. Mzee alikuwa bado anatafuta, na Dada alishaacha kunyoosha mkono. Jumatatu shule ingefunguliwa. Wangeingiza magodoro.

Mzee alikaa kwenye ukingo wa kitanda akafuta uso kwa mkono wa koti. Akaanza kurudisha vitu vyake sandukuni. Kisha akakumbuka jambo, akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Na wale wengine?" akaniuliza. "Wale wateja watatu ambao vijana walisema wanakigombania. Wao walipata kwingine? Maana kama mmoja wao anacho, tumwombe. Tukimwambia ni ya watoto, hawezi kukataa."

Nilimwangalia Dada. Alikuwa ametulia tuli, karatasi yake mapajani, anasubiri kama yeye naye hajui jibu.

"Hakukuwa na wengine, baba," nikasema. "Wote watatu nilikuwa mimi."

Mzee alinitazama usoni, akashuka hadi kwenye mkoba wangu, akarudi usoni. Alinyoosha mguu, akalivuta sanduku lake karibu na kitanda, mbali na nilipokuwa nimesimama, kisha akageuka akaendelea kuongea na Dada.